Panda, Mwamba, Fito: Istilahi za Kibanda cha Mtu Mmoja

Mtu aliyekuchwewa msituni bila hema wala turubai anahitaji pa kujisitiri kabla giza halijatanda. Siku hizi mahali hapo huitwa "shelta" au "makazi ya dharura". Majina hayo hayamwambii ashike mti upi kwanza. Kiswahili kinayo yanayomwambia.

Tunavyo vibanda vya kila namna. Dungu huinuliwa juu ya nguzo shambani, mlinzi akae akifukuza nyani na nguruwe. Ulingo ulikuwa jukwaa la kuamia ndege kabla mabondia na wanasiasa hawajauchukua. Kipenu huegemea nyumba. Cha mtu aliyepotea hakina nyumba ya kuegemea wala nguzo ndefu, basi kibanda kinatosha kuwa jina lake. Utajiri uko katika majina ya viungo vyake.

Kwanza nguzo fupi yenye panda, panda ile ile ya njia panda: mahali kitu kimoja kinapogawanyika kuwa viwili. Juu yake hulazwa mwamba. Wapenzi wa kandanda wanaujua, kwa kuwa mpira huugonga kila wiki. Hapa ncha moja ya mwamba hukaa kwenye panda, usawa wa kiuno, na nyingine hugusa ardhi. Fito huegemezwa pande zote mbili, zikikaribiana, na vijiti hupitishwa juu yake ili majani yasiporomoke.

Ndipo kazi ya kuezeka. Huanzia chini kwenda juu, kila safu ikifunika kichwa cha iliyotangulia, maji yateremke bila kupenya. Kama ziba ilivyo na zibua, ezeka ina ezua, na kila masika tunasikia kwamba upepo umeezua mapaa. Dawa ya mvua na baridi ni unene wa majani, na kipimo chake ni dhiraa, yaani kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Tumbukiza mkono katika majani. Vidole vikigusa fito kabla kiwiko hakijazama, ongeza.

Ndani huwekwa tandiko la majani makavu, nalo liwe nene, maana ardhi baridi hunyonya joto la mwili. Kibanda kiwe kidogo, cha kulala tu, kwa kuwa pasipo moto kitapashwa joto na pumzi na mwili wa mwenyewe.

Nawasihi wanaoandika vitabu vya skauti na wanaofundisha waongoza watalii wayatumie maneno haya. Anayeambiwa "andaa muundo wa shelta" atauliza aanzie wapi. Anayeambiwa "tafuta panda, laza mwamba, egemeza fito, ezeka kutoka chini" amekwisha kupewa kazi zote nne, kwa mpangilio wake, na anaweza kuanza.