Filamu Kubwa za Kitamil na Kumbi Zilizozikuza

Filamu za Kitamil hutengenezwa hasa Chennai, mji mkuu wa jimbo la Tamil Nadu kusini mwa India, ambao hadi mwaka 1996 uliitwa Madras. Zinatofautiana na picha za Kihindi za Mumbai zilizozoeleka Afrika Mashariki: lugha ni nyingine, nyota ni wengine, na desturi za kuzitazama zina historia yake. Katika historia hiyo, picha za gharama kubwa zilistawi kwa kuwa kumbi za sinema zilikwisha kukusanya umati mchanganyiko ambao majukwaa ya zamani hayakuwahi kuuona.

Mwanzo ulikuwa hema. Mwaka 1905 Samikannu Vincent, mtumishi wa reli mjini Tiruchirappalli, alinunua projekta ya Mfaransa mmoja aliyekuwa akizunguka na maonyesho yake hadi maradhi yalipomkwamisha. Vincent alizunguka nayo mji hadi mji, kisha mwaka 1914 akafungua ukumbi wa Variety Hall mjini Coimbatore. Madras ilikuwa imepata Electric Theatre mwaka 1913, na mwaka uliofuata Raghupathi Venkaiah akafungua Gaiety, mojawapo ya kumbi za kwanza mjini humo kumilikiwa na Mhindi. Hata hivyo, sinema za hema ziliendelea vijijini kwa miongo mingi. Wa tiketi rahisi waliketi mchangani karibu na pazia, wa kati kwenye mabenchi, na wenye uwezo kwenye viti vya nyuma. Mara nyingi wanawake walitengewa upande wao.

Mpangilio huo wa bei ulikuwa mapinduzi ya kimyakimya. Katika nchi ya Watamil, nafasi ya mtu mbele ya hekalu au ngoma ilikuwa imeamuliwa na tabaka alilozaliwa nalo. Hekalu la Meenakshi la Madurai liliwaruhusu watu wa tabaka zilizotengwa kuingia mwaka 1939 tu. Mtaalamu Karthigesu Sivathamby wa Sri Lanka alieleza kwamba sinema ilikuwa mahali pa kwanza pa burudani ambapo Watamil wote walikaa chini ya paa moja, wakitenganishwa na uwezo wa mfuko na si ukoo. Mtengenezaji picha aliyetaka kurudisha fedha zake alilazimika kuwapendeza wote kwa pamoja: msomi wa mjini, mkulima, mama na watoto.

Filamu ya kwanza ya Kitamil yenye sauti, Kalidas, ilitoka mwaka 1931. Ilirekodiwa Bombay, na waigizaji wake walichanganya Kitamil na Kitelugu. Chambo cha miaka hiyo kilikuwa nyimbo, nyingi zikitolewa moja kwa moja kwenye tamthilia za jukwaani. Haridas ya mwaka 1944, iliyoimbwa na M. K. Thyagaraja Bhagavathar, ilionyeshwa katika ukumbi wa Broadway mjini Madras mfululizo hadi ikazikuta sikukuu tatu za Deepavali.

Aliyegeuza ukubwa kuwa biashara alikuwa S. S. Vasan, mmiliki wa jarida la Ananda Vikatan na wa Gemini Studios. Chandralekha, iliyotoka Aprili 1948, ilimchukua takribani miaka mitano na rupia zipatazo milioni 3, fedha ambazo hakuna picha ya India iliyokuwa imezitumia kabla yake. Mwongozaji wa kwanza alijitoa, na Vasan akaimalizia mwenyewe. Kisa chake ni cha wana wawili wa mfalme wanaogombea kiti na msichana mmoja, lakini watu walikwenda kuona sarakasi, mapigano ya panga na hasa ngoma ya mwisho. Mamia ya wachezaji hucheza juu ya ngoma kubwa mno, kisha askari waliojificha ndani yake hutoka na kulivamia kasri. Mapato ya Kitamil hayakutosha kufidia gharama. Vasan alitengeneza toleo la Kihindi, akalitangaza kwa mabango na magazeti nchi nzima, na likampa faida. Tangu hapo watengenezaji wa Madras walijua kwamba picha ya fahari inaweza kuuzwa mbali na kwao.

Katika miaka ya 1950 fahari hiyo ilihamia kwa steringi. M. G. Ramachandran, maarufu kama MGR, aliweka mali yake katika Nadodi Mannan ya mwaka 1958, akaiongoza, na akacheza mfalme pamoja na mtu wa kawaida anayekalia kiti chake na kutangaza sheria za kuwatetea maskini. Vyama vya mashabiki wake vilienea mijini na vijijini. Alipofukuzwa katika chama cha DMK mwaka 1972 na kuanzisha chake, mashabiki hao ndio waliokuwa mtaji wake. Mwaka 1977 akawa kiongozi wa serikali ya jimbo, na alibaki madarakani, isipokuwa kwa miezi michache ya mwaka 1980, hadi alipofariki mwaka 1987.

Vyama vya mashabiki ndivyo vilivyoipa siku ya kwanza ya picha sura ya sikukuu. Wanachama husimamisha sanamu za mbao za nyota wao zenye urefu wa ghorofa, wakazivika mashada na kuzimiminia maziwa kama inavyofanywa kwa sanamu za miungu hekaluni. Nje hulia fataki na ngoma. Ndani, steringi anapojitokeza kwa mara ya kwanza, vipande vya karatasi hurushwa na miluzi hufunika sauti ya picha. Steringi Rajinikanth alirithi umati huo, na mwongozaji S. Shankar akauongezea teknolojia: Enthiran ya mwaka 2010, yenye majeshi ya roboti yaliyochorwa kwa kompyuta, ilikuwa ghali kuliko picha zote za India kabla yake.

Mazingira ya kutazama yamebadilika tangu hapo. Kumbi nyingi za pazia moja zimefungwa au kugeuzwa za harusi, na nafasi yake kuchukuliwa na sinema za madukani zenye viti vyenye namba. Baada ya shabiki kufariki Chennai katika shamrashamra za onyesho la usiku mnamo Januari 2023, serikali ya jimbo iliacha kuruhusu maonyesho ya alfajiri, na picha kubwa zikaanza saa tatu asubuhi.

Hamu ya picha za fahari haikupungua. Ponniyin Selvan, riwaya ya Kalki Krishnamurthy kuhusu wafalme wa Chola, ilichapishwa jaridani kwa mfululizo kati ya 1950 na 1954. MGR alinunua haki za kuitengenezea filamu lakini hakufanikiwa. Mwongozaji Mani Ratnam aliitoa kwa sehemu mbili, Septemba 2022 na Aprili 2023, ikitafsiriwa katika lugha nyingine za India, kwa njia ileile ya kutafuta soko pana ambayo Vasan aliitumia mwaka 1948.