Alama za Sauti Kando ya Nyasa

Ukisimama ufukweni Lundo, karibu na Liuli, ziwa lililo mbele yako linaitwa Nyasa. Ramani za enzi ya Wajerumani ziliandika Njassa. Hawakulisikia vibaya: katika Kijerumani j husomwa kama y yetu, na s moja katikati ya irabu hugeuka z, basi wakaziweka mbili. Sauti ni ileile, kanuni ya kuandika ndiyo tofauti.

Wamisionari wa UMCA walilikabili jambo hili tangu mwanzo. Huko Unguja, Edward Steere alitoa kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili mwaka 1870, akafuata njia nyepesi: irabu zisomwe kama za Kiitalia, konsonanti kama za Kiingereza. Padri William Percival Johnson, aliyetafsiri Biblia kwa Kinyanja, alihudumu kando ya ziwa zaidi ya miaka 40 na kufariki Liuli mwaka 1928. Mwaka huohuo mkutano wa Mombasa uliteua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Mtoto wa Lundo akarithi maandishi yanayotamkwa jinsi yalivyo.

Anapoingia kidato cha kwanza, masomo yakawa kwa Kiingereza, urithi huo humponza. Anakutana na though, through, cough na tough. Herufi nne za mwisho ni zilezile, sauti zinatofautiana. Akisoma kwa uaminifu kama alivyofundishwa, darasa linaangua kicheko.

Dawa ilitungwa na walimu. Mwaka 1886, jijini Paris, Paul Passy na wenzake waliokuwa wakifundisha lugha walianzisha chama kilichokuja kuunda alfabeti ya kifonetiki: alama moja, sauti moja. Mwaka 1917 Daniel Jones alichapisha kamusi ya matamshi ya Kiingereza. Kwa alama hizo, maneno yetu manne huwa /ðəʊ/, /θruː/, /kɒf/ na /tʌf/.

Zinatisha kwa macho tu. Alama ð ni dh ya dhahabu, θ ni th ya thelathini, ŋ ni ng' ya ng'ombe. Ugumu uko kwenye irabu. Chukua cat, cut na cart. Sikio lililolelewa na Kiswahili husikia a katika yote matatu, hata mwalimu akirudia mara kumi. Kamusi huandika /kæt/, /kʌt/, /kɑːt/, na hapo mwanafunzi anajua kuna tofauti ya kutafuta kabla sikio lake halijaipata. Hahitaji Mwingereza darasani, wala kuchekwa ili ajifunze.

Na alama hizi si za Kiingereza peke yake. Panda milima kutoka ziwani hadi Umatengo, Mbinga: Kimatengo kina irabu saba, Kiswahili kina herufi tano za irabu. Anayekiandika kwa herufi za shuleni hulazimika kuzipa e mbili herufi moja, na o mbili vilevile. Alfabeti ya fonetiki ina ɛ na ɔ za kuzitenganisha. Mwanafunzi wa Mbinga aliyezikariri kwa ajili ya mtihani wa Kiingereza ameshika, pengine bila kuambiwa na yeyote, herufi zilizokosekana katika lugha ya bibi yake.