Ndege Akimtafuta Kiwavi, Nani Anamwangalia Mwewe?

Umewahi kutafuta kitabu ukiamini jalada lake ni jekundu, ukakipita mezani mara tatu, kumbe jalada ni la kijani? Macho yako ni mazima. Akili ndiyo ilikuwa inasubiri rangi nyingine.

Luuk Tinbergen, mwanabiolojia wa Uholanzi, aliona jambo kama hilo kwa ndege. Katika misitu ya misonobari alifuatilia wadudu ambao ndege wadogo walikuwa wanawapelekea makinda yao. Kiwavi wa aina mpya alipoanza kutokea, ndege walimpita kana kwamba hayupo. Alipoongezeka, ghafla wakaanza kumbeba kwa wingi. Tinbergen akasema ndege hupata "taswira ya kutafutia": akili hushika alama za windo moja, na jicho likalinasa haraka. Alifariki mwaka 1955 akiwa na miaka 39. Kazi yake ilichapishwa 1960.

Lakini msituni mambo ni mengi. Labda ndege walijifunza tu ni tawi lipi lina viwavi? Mwaka 1979, Alexandra Pietrewicz na Alan Kamil wa Marekani walilipeleka swali hilo maabara. Waliwaonyesha ndege wa bluu, jamaa wa kunguru, slaidi za magome ya miti. Nyingine zilikuwa na nondo aliyefanana na gome. Ndege akimdonoa nondo, anapata chakula. Nondo wa aina moja walipofuatana, ndege walizidi kuwa hodari. Aina mbili zilipochanganywa, maendeleo hayo hayakuonekana. Hapa hakuna tawi la kukumbuka, kwa hiyo jibu liko kwenye umakini wenyewe.

Sasa, umakini huo una gharama gani? Mwaka 2000, Reuven Dukas na Kamil waliwapa ndege hao kazi mbili kwa pamoja: kutafuta windo katikati ya skrini, na kugundua lingine pembeni. Windo la katikati lilipokuwa gumu kuonekana, uwezekano wa kugundua la pembeni ulishuka mara tatu.

Wahenga walishasema, mshika mawili moja humponyoka. Kwa ndege wa porini, hilo linaloponyoka linaweza kuwa kivuli cha mwewe. Ndiyo maana kiwavi anayejificha vizuri hajiokoi peke yake tu: bila kujua, anamsaidia na mwewe.