Mgeni na Mpangaji katika Ngara na Biharamulo

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu Nyerere aliitumia methali hii mwaka 1962 katika maandishi yake juu ya Ujamaa, akionyesha kwamba jamii yetu ya jadi haikumlea mvivu. Nasi twaikubali, lakini twapenda kuuliza swali moja: jembe hilo mgeni atalitia katika shamba la nani?

Tutazame Bugufi, ambayo ni sehemu ya Wilaya ya Ngara. Kabla ya kuja kwa wakoloni nchi hii ilikuwa chini ya ufalme wa Burundi. Katika ufalme huo mtu asiye na ardhi, aghalabu aliyetoka mbali, alimwendea mwenye ardhi akaomba mahali pa kujenga na kulima. Akikubaliwa aliitwa mugererwa. Hakulipa fedha, alipeleka pombe ya ndizi, akatoa sehemu ya mazao, akafanya kazi alipoitwa. Huo ulikuwa ukarimu, hatukatai, ila ulikuwa na bei yake. Makazi yake yalitegemea radhi ya mwenye ardhi, na wanawe waliweza kurithi unyonge pamoja na shamba. Kwa jirani zetu wa Buhaya na Karagwe utwana wa namna hiyo uliitwa nyarubanja, na Serikali iliukomesha kwa sheria ya mwaka 1965.

Wako pia wageni wasiobisha hodi. Ngome ya Wajerumani ingali imesimama Biharamulo mjini, na waliokaa humo hawakumpelekea mtu pombe.

Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, Waingereza na Wabelgiji waligawana nchi, na Bugufi ikaangukia Tanganyika. Hivyo Mhangaza na nduguye wa ng'ambo, wenye lugha zinazosikilizana, wakawa wageni wao kwa wao. Hata hivyo, Wanyarwanda waliokimbia nchi yao katika miaka ya 1960 walipofika Ngara, walipewa ardhi huko Muyenzi. Hapo aliyetoa jembe na shamba ni taifa, wala si bwana mmoja.

Tarehe 28 na 29 Aprili 1994 jambo hili lilipata sura mpya. Kwa muda wa saa 24 hivi, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo, wakapiga kambi Benaco. Wakimbizi wakawazidi wenyeji kwa idadi. Nyuma yao wakaja wafanyakazi wa mashirika ya misaada, wakihitaji nyumba, ofisi na maghala. Kodi za nyumba zikapanda. Mwenye nyumba ya bati akawa na mali asiyoitazamia, naye mtumishi aliyetegemea mshahara akashindania chumba na mgeni mwenye mfuko mzito kuliko wake. Baadhi ya walimu na wauguzi waliacha kazi zao wakaajiriwa na mashirika hayo, na twaona si haki kuwalaumu.

Desemba 1996 Wanyarwanda walirudishwa kwao kwa njia ile ile ya Rusumo. Waburundi wa Lukole wakabaki. Mpangaji wa miaka hiyo alilipa kodi yake kwa mwezi, akaondoka bila deni. Mugererwa hakuweza kuondoka hivyo. Lakini mugererwa alijua majina ya watoto wa mwenye ardhi, nao walijua ya wanawe.