Samaki wa mapambo 'hawafi tu': Ushauri 8 wa uongo unaowamaliza ndani ya tangi lako

Umenunua tangi la kioo, umeweka kokoto za rangi, taa inawaka na samaki watano wanakatiza. Wiki ya kwanza kila mgeni anasifia. Wiki ya tatu amebaki mmoja, naye anahema juu juu. Ukirudi kwa muuzaji unaambiwa: "Bosi, hawa ndivyo walivyo, hufa tu. Chukua wengine."

Si kweli. Samaki dhahabu, yule wa rangi ya chungwa anayejulikana na wengi, akitunzwa vizuri huishi miaka 10 na zaidi. Mara nyingi kinachomuua mapema ni maji anamoishi. Samaki anakula, anakojoa na kujisaidia kwenye maji yaleyale anayoyapumua. Ukilishika hilo, utaona mwenyewe ushauri mwingi wa mtaani unapokosea.

Huu hapa ushauri 8 unaosikika sana, na ukweli wake.

1. "Jaza maji, weka samaki leoleo"

Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia. Ni sumu usiyoweza kuiona, na huunguza matamvua, yaani yale mashavu anayopumulia.

Kwenye tangi lililokomaa kuna bakteria wazuri wanaoishi ndani ya filta na kwenye kokoto. Kundi moja hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo ikiwa kidogo haina shida kubwa.

Tangi jipya halina bakteria hao wa kutosha. Kwa kawaida huchukua wiki 4 hadi 6 kujijenga. Kwa hiyo washa filta, tia punje chache za chakula kila siku bila samaki, na subiri. Ukimpata rafiki mwenye tangi la siku nyingi, muombe kipande cha sponji ya filta yake. Kitakupunguzia muda wa kusubiri. Vipo vipimo vya maji vinavyouzwa kwa ajili hii: amonia na nitriti zikisoma sifuri, ndipo ulete samaki, wachache wachache.

2. "Maji yakichafuka, mwaga yote na usugue tangi kwa sabuni"

Hapo unawaua wale bakteria uliowasubiri wiki zote hizo, halafu unaanza upya huku samaki wakiwa ndani. Ndiyo maana wengi hufa siku chache baada ya "usafi mkubwa".

Badilisha asilimia 20 hadi 30 ya maji kila wiki, basi. Sponji ya filta ikamue kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa tangini, usiipeleke bombani. Sabuni isiguse tangi kabisa.

Na usidanganywe na macho. Maji yanaweza kung'aa kama kioo huku yamejaa amonia.

3. "Maji ya bomba tunakunywa sisi, samaki ni nani?"

Maji ya bomba hutiwa klorini ili kuua vijidudu. Klorini hiyohiyo huua bakteria wa filta na kuunguza matamvua ya samaki. Yaache maji kwenye ndoo wazi kwa saa 24 hivi, klorini itaondoka. Ila ipo miji inayotumia kloramini, ambayo haiondoki kwa kulaza maji. Hapo utahitaji dawa ya kuondoa klorini, ambayo huuzwa kwenye maduka ya samaki wa mapambo.

Unatumia maji ya kisima? Yaonje kwanza. Visima vingi vya Pwani vina chumvi, na si kila samaki anaistahimili.

4. "Bakuli linatosha, samaki hukua kulingana na tangi"

Samaki dhahabu hufika sentimita 15 hadi 20, na wengine hupita hapo. Kwenye bakuli hudumaa. Watu humwona mdogo, wakadhani ametosheka na nafasi aliyonayo, kumbe anakua vibaya ndani ya uchafu wake.

Maji mengi ni usalama, kwa sababu sumu huchelewa kukolea. Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30 huchukua lita 54. Kwa anayeanza, hilo ni rahisi kulitunza kuliko bakuli la lita 5. Angalia tu meza yako, maana lita 54 ni kilo 54 kabla hujahesabu kioo na kokoto.

Hata samaki aina ya beta, yule dume mwenye mapezi marefu anayeuzwa kwenye kikopo, asikupoteze. Ni kweli anaweza kuvuta hewa ya juu, ndiyo maana hafi haraka. Lakini bado anahitaji maji ya uvuguvugu, filta na nafasi ya lita 20 hivi.

5. "Chukua na huyu anayenyonya kioo, atakusafishia kila kitu"

Huyo hula mwani na mabaki. Hali kinyesi cha wenzake, na yeye mwenyewe anatoa kingi. Aina inayouzwa sana, ukimnunua akiwa na urefu wa kidole, anaweza kufika sentimita 40. Tangi dogo halimfai, na kazi ya kubadilisha maji inabaki palepale.

6. "Akija juu ana njaa, mmegee mkate"

Samaki huzoea haraka. Akikuona anakuja juu hata kama amekula sasa hivi. Wala usiamini kuwa kumbukumbu yake ni ya sekunde tatu. Majaribio yameonyesha samaki dhahabu hukumbuka alichofundishwa kwa miezi.

Mpe kiasi anachokimaliza ndani ya dakika mbili, mara moja au mbili kwa siku. Mkate na ugali huoza chini na kuzalisha amonia. Ukisafiri siku mbili tatu, samaki mkubwa mwenye afya hatakufa njaa. Hatari zaidi ni jirani mwenye huruma aliyeachiwa kopo zima la chakula.

Lakini akiwa juu anahema mdomo wazi, hata usipomkaribia, hiyo si njaa. Anakosa hewa au maji yana sumu. Badilisha sehemu ya maji mara moja.

7. "Zima pampu usiku, uokoe umeme"

Usiku ndipo hewa inapungua zaidi. Mimea ya tangini nayo hutumia oksijeni gizani. Na bakteria wa filta wanahitaji maji yenye oksijeni yapite muda wote; yakisimama kwa saa nyingi huanza kufa. Zima taa, acha pampu.

Umeme ukikatika, usiwalishe. Chota maji kwa kikombe na uyamwage tena tangini kutoka juu kidogo, ili yachanganyike na hewa. Pampu ndogo ya betri pia husaidia. Mikoa ya joto iwe makini zaidi, kwa sababu maji ya moto hubeba oksijeni kidogo na amonia huwa kali zaidi ndani yake.

8. "Wote ni wa maji baridi, wachanganye tu"

Kwanza, "maji baridi" hapa maana yake ni maji yasiyo ya chumvi, si maji ya friji. Samaki wengi wa mapambo wanataka nyuzi joto 24 hadi 28. Dar es Salaam unaweza usihitaji hita. Njombe au Mbeya mwezi wa saba, utaihitaji.

Pili, maji hayafanani. Samaki wa rangi wa Ziwa Tanganyika, wanaotafutwa na wafugaji duniani kote, wamezoea maji magumu yenye pH inayokaribia 9. Mbuna wa Ziwa Nyasa nao wanapenda maji ya aina hiyo, na ni wagomvi wa mipaka. Neoni, yule mdogo mwenye mstari wa buluu, asili yake ni mito ya Amazon yenye maji laini ya pH chini ya 7. Ukiwaweka pamoja, mmoja ataumia kwa maji na mwingine atamfukuza mpaka achoke.

Kabla ya kulipa, uliza mambo matatu: ametoka maji gani, hufika ukubwa gani, na anakaa na nani.

Ukichoka, usimwage mtoni

Wengine wakishindwa huona huruma, wakaenda kuwaachia ziwani au mtoni. Usifanye hivyo. Samaki mgeni anaweza kuleta magonjwa au kuwamaliza wenyeji. Tunao mfano wa sangara: alipopandikizwa Ziwa Victoria kuanzia miaka ya 1950, aina nyingi za furu zilitoweka. Mrudishe dukani au mpe mfugaji mwingine.

Kama tayari samaki wanakufa leo

Badilisha theluthi moja ya maji kwa maji yasiyo na klorini, yenye joto linalofanana. Acha kulisha kwa siku mbili. Ongeza hewa. Toa waliokufa. Rudia kubadilisha maji kidogo kesho na keshokutwa. Dawa usitie kabla hujapima maji, maana nyingine huua bakteria wa filta na kuongeza tatizo.

Na usinunue samaki wengine wiki hii. Aliyebaki akichangamka na akila vizuri kwa wiki nne mfululizo, na vipimo vikisoma sifuri, mletee mwenzake mmoja. Mfuko aliokuja nao uelee tangini dakika 15, ongeza maji ya tangi humo kidogo kidogo, kisha mtoe kwa wavu. Maji ya mfuko yamwage nje.