Shaba, Mrututu na Bomba la Mafuta

Bomba la TAZAMA lilianza kazi mwaka 1968, likisukuma mafuta kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, Zambia. Limefuata ukanda wa barabara kuu inayopita Makambako, mkoani Njombe. Chuma kilichozikwa huliwa na kutu, hivyo mabomba ya aina hii hupewa mkondo mdogo wa umeme kuyakinga.

Fundi atajuaje kwamba umeme huo unatosha? Volti ya bomba haipimiki peke yake, maana voltimita hulinganisha sehemu mbili, na ile ya pili lazima isiyumbe, kama timazi ya mwashi. Hapo ndipo inapoingia elektrodi rejea: kijiti cha shaba ndani ya maji ya mrututu (salfeti ya shaba), ya buluu iliyokolea. Kizibo chake chenye vinyweleo hugusishwa na udongo. Wakati wa kiangazi udongo humwagiwa maji kwanza.

Siri iko kwenye chenga za mrututu zilizobaki bila kuyeyuka. Zikiwapo, maji yameshiba na volti ya shaba hutulia. Zikiisha, namba zote ni za kutiliwa shaka. Bomba likilinganishwa na elektrodi hiyo, kwa kawaida hutafutwa volti −0.85, au hasi zaidi ya hapo.

Baridi nayo ina yake. Kila nyuzi 1 ya Selsiasi huisogeza elektrodi kwa takribani milivolti 0.9, kwa hiyo asubuhi ya Julai huku Njombe si sawa na mchana wa Dar es Salaam. Hata jua likipiga moja kwa moja kwenye maji ya mrututu, usomaji hubadilika. Ndiyo maana fundi makini hupimia kivulini.