Chuma cha Ugweno na siri ya Washana

Reli ya Tanga inapita Lembeni, tambarare, chini ya milima ya Upare Kaskazini. Wajerumani waliifikisha Moshi kabla ya Vita Kuu ya 1914, na chuma cha Ulaya kikashushwa miguuni pa milima ileile ambayo kwa vizazi ilikuwa ikiwalisha Wachaga chuma. Uchagani walikuwapo wahunzi hodari, lakini malighafi walinunua Upareni, hasa Ugweno, kwa ukoo wa Washana. Isaria Kimambo, katika historia ya Wapare aliyoichapisha mwaka 1969, anaeleza kwamba Washana waliwahi hata kuitawala Ugweno kabla ukoo wa Wasuya haujawapindua. Walinyang'anywa utawala, moto wa tanuri wakabaki nao. Kwangu hilo ni jambo kubwa: mshindi anaweza kutwaa kiti, lakini hawezi kutwaa ujuzi ulio mikononi mwa mtu.

Ujuzi wenyewe haukuwa mwepesi. Mvua ikishanyesha, vijito vya mlimani huacha mchanga mweusi, mzito kuliko mchanga wa kawaida. Ulipepetwa kwa maji mpaka ukabaki ule wenye chuma. Ndio uliotiwa tanurini pamoja na mkaa, mivuo ya ngozi ikipokezana, mmoja ukijaa huku mwenzake ukitoa, ili upepo usikatike kwenye bomba la udongo. Upepo ukipungua, chuma hakijitengi na takataka. Kazi nzima inaishia kuwa mavi ya chuma. Mabaki hayo bado yamo ardhini, na mwaka 2018 Louise Iles na wenzake walichapisha uchunguzi wao juu yake. Kiasi cha mkaa na rangi ya moto vilijulikana kwa jicho, na jicho hilo mtoto alilipata kwa kukaa miaka kando ya baba yake.

Wapo wanaosema kufungia maarifa ndani ya ukoo, pamoja na miiko na hofu ya laana ya mhunzi, ndiko kulikoua kazi hiyo. Hoja hii haifai kupuuzwa, kwani mafundi wa hadubini wa Ulaya wanaonyesha nguvu yake. Huko London, Hugh Powell na shemeji yake Peter Lealand, walioshirikiana tangu 1841, walitengeneza hadubini za shaba zilizosifika kuliko karibu zote, lakini chache, na karakana ikabaki ya familia. Jena, Ujerumani, mtengeneza hadubini Carl Zeiss alimwita mwanafizikia Ernst Abbe mwaka 1866, na kufikia 1872 lenzi za hadubini zake zilikuwa zikitengenezwa kwa hesabu badala ya kubahatisha. Ujuzi ulitoka kwenye vidole ukaingia kwenye karatasi, na karakana ikageuka kiwanda. Basi, je, Washana nao wangeandika, kazi yao ingeokoka?

Wangeandika, wasingeokoka. Hesabu za Abbe zilisaidia kwa sababu wanunuzi wa hadubini walikuwa wakiongezeka na hakuna aliyekuja kuwauzia lenzi bora kwa bei ya chini. Ugweno ilikuwa kinyume. Misafara iliyopanda kutoka Pangani ilileta waya na majembe yaliyokwisha kutengenezwa, kisha reli ikaongeza; hakuna kanuni ya kuandikwa ambayo ingefanya chuma kilichotafuna mkaa mwingi hivyo kiwe rahisi kuliko cha kigeni. Na ushahidi wa kuamua uko katika kazi ya pili ya wahunzi, yaani kufua chuma kuwa zana. Ufuaji nao ulilindwa na koo, kwa miiko na heshima ileile, wala haukufa. Kilichotoweka ni kuyeyusha mchanga, kwa sababu chuma cha kigeni kilichukua nafasi yake. Kufua kukabaki, kwa sababu chuma hichohicho kiliulisha moto wa kufulia. Huko Mamba, upande wa Kilimanjaro, wahunzi bado wanapasha chuma chakavu, wanakiweka juu ya fuawe na kukigonga kiwe panga, jembe au mkuki.